Matiti yamejaa, mtoto ana njaa: uchambuzi wa kisa cha siku ya tano

Mama ana umri wa miaka 29 na huyu ndiye mtoto wake wa kwanza. Mimba ilikuja na kisukari cha ujauzito, kikadhibitiwa kwa mpangilio wa chakula na kutembea, bila insulini. Uchungu ulianza wenyewe katika wiki ya 38, ukachukua muda mrefu, njia ikachelewa kufunguka, na mwishowe akajifungua kwa upasuaji. Mtoto wa kike, gramu 3,400, alilia papo hapo. Siku ya tano wanafika kliniki watu wazima watatu na kichanga: mama, baba wa mtoto na bibi mzaa mama. Mizani inasoma gramu 3,080. Mama anaongea huku akifuta machozi: "Dada, mimi sina maziwa. Mtoto hashibi. Usiku nimeanza kumpa ya kopo. Niambie tu kama nihamie huko moja kwa moja, nijue."

Kisa hiki nimekijenga kutokana na hali inayojirudia mno kwa kina mama wa wiki ya kwanza. Hakuna familia moja itakayojitambua humu. Nimekichagua kwa sababu faida za kunyonyesha huhubiriwa sana kabla ya kujifungua, kisha mama huachwa peke yake katika siku zile chache ambazo faida hizo hupatikana au hupotea. Huyu hakuhitaji kuambiwa tena kwamba maziwa ya mama ni bora. Alilijua hilo, na ndiyo maana alikuwa analia.

Siku nne za mwanzo

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanapendekeza mtoto awekwe kwenye titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Mtoto wetu alinyonya kwa mara ya kwanza saa sita baada ya kuzaliwa. Mama alikuwa bado chumba cha uangalizi baada ya upasuaji, mtoto yuko chumba kingine akipimwa sukari kwa ajili ya kisukari cha mama. Sukari ikashuka mara moja, akapewa mililita 15 za maziwa ya kopo, ikapanda na kutulia.

Hapo sina ugomvi na mtu. Mtoto wa mama mwenye kisukari huzaliwa na insulini nyingi, kwa kuwa tumboni alizoea kupokea sukari nyingi kutoka kwa mama. Kitovu kikikatwa, sukari ile inakoma ghafla lakini insulini inaendelea na kazi, na sukari iliyoshuka sana ikiachwa inaweza kudhuru ubongo. Maziwa ya kopo yalikuwa tiba ya saa ile. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza mama, siku hiyohiyo, kwamba tiba hiyo ilikuwa ya saa ile tu, na kwamba kila mlo anaoupata mtoto nje ya titi, titi nalo likamuliwe ili lisidhani halihitajiki. Hata kabla ya hapo palikuwa na nafasi. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake wenye kisukari, ambao ujauzito wao hauna matatizo mengine, wanaweza kukamua na kuhifadhi dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, kuanzia wiki ya 36 bila kumwongezea mtoto hatari. Mama huyu angeweza kuingia chumba cha upasuaji na akiba yake mwenyewe. Hakuna aliyemgusia.

Alipopata nafasi ya kukamua, aliona matone machache mazito ya njano, akaamini amepungukiwa. Dang'a ndivyo ilivyo. Siku ya kwanza tumbo la mtoto huchukua kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa mlo, na matone hayo yanatosha. Yamejaa kingamwili zinazotanda juu ya utando wa utumbo na koo, mahali ambapo vijidudu hupita kwanza, na husaidia kusukuma nje kile kinyesi cheusi cha mwanzo. Kinyesi hicho kikikaa sana tumboni, rangi ya manjano iliyomo hurudi kwenye damu, na mtoto huzidi kuwa wa manjano.

Maziwa mengi huja baadaye, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne. Kinachoyafungulia njia ni kutoka kwa kondo la nyuma: homoni ya projesteroni, iliyokuwa ikiyazuia kipindi chote cha mimba, huporomoka, na prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupata uhuru wa kufanya kazi. Uzazi wa kwanza huchelewesha hatua hii. Upasuaji pia, uchungu mrefu pia, kisukari pia. Mama huyu alikuwa na yote manne, na matiti yake yalijaa siku ya nne jioni. Kwa aliyokuwa nayo, hakuchelewa kupita kiasi.

Lakini kabla ya jioni hiyo ulikuwepo usiku wa siku ya tatu. Mtoto alilia hadi alfajiri. Bibi, kwa moyo mwema kabisa, alimpa vijiko vya maji yaliyochemshwa. Maji hujaza tumbo dogo bila kulipa nguvu yoyote, na kwa mtoto mchanga huweza kuvuruga chumvi za mwili. Yaliposhindwa, likafunguliwa kopo. Nikauliza limetoka wapi. Lilikuwa kwenye mfuko wa zawadi aliokabidhiwa alipokuwa akiruhusiwa kutoka. Kanuni ya kimataifa ya kudhibiti biashara ya maziwa mbadala, iliyopitishwa mwaka 1981, inakataza sampuli za bure kwa kina mama, na sababu yake inaonekana wazi hapa: kopo lilikuwa karibu saa tisa usiku, wakati hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuuliza.

Mtoto alikunywa mililita 60 kwa chupa na kulala saa tatu mfululizo. Nyumba nzima ikasoma ushahidi mmoja: titi halina kitu. Kulala kule kulithibitisha njaa ya mtoto, basi. Kuhusu yaliyomo ndani ya titi hakukusema chochote.

Tulichokitafuta kwanza

Mtoto aliyepungua uzito hachunguzwi kwa kuzungumza na mama yake tu. Kwanza tunajiridhisha kwamba hayuko hatarini. Alikuwa macho, analia kwa nguvu, joto 36.8, midomo na ulimi vina unyevu, utosi haujabonyea. Sukari ya kawaida, sodiamu ya kawaida. Umanjano ulifika kifuani, na kipimo chake cha damu kilikuwa chini ya kiwango cha kutibiwa kwa mwanga. Uzi ulio chini ya ulimi haukuwa umeukaza.

Kilichonitia wasiwasi ni nepi. Kufikia siku ya tano mtoto anayelishwa vya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24, na kinyesi chake kimeshakuwa cha njano na chepesi. Huyu alilowesha tatu, na kinyesi kilikuwa bado cha kijani kilichokolea. Nepi ni kipimo ambacho kila nyumba inacho, na nasikitika kwamba wazazi wengi huondoka hospitalini bila kufundishwa kukisoma.

Uzito wenyewe unahitaji kusomwa kwa akili. Gramu 320 kati ya 3,400 ni upungufu wa 9.4%. Vitabuni, 10% ndipo kengele hulia. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, ukifuatilia zaidi ya watoto 100,000 waliokuwa wakinyonya tu, ulikuta kwamba kufikia saa 72 zaidi ya robo ya waliozaliwa kwa upasuaji walikuwa wamepoteza 10% au zaidi. Tena mama anayetundikiwa dripu nyingi kabla ya kujifungua humpa mtoto sehemu ya maji hayo. Mtoto hupimwa akiwa nayo, kisha huyakojoa siku ya kwanza, na kwenye karatasi inaonekana kama amekonda. Kwa hiyo 9.4% peke yake isingenitisha. Ikiambatana na nepi tatu na kinyesi kisichobadilika, ilinitosha kusema mtoto huyu hapati chakula cha kutosha, na hatuondoki hapa bila kumlisha.

Kisha mama. Wapo wanawake wachache ambao kweli maziwa hayatoshi, na kuwaambia wajitahidi tu ni ukatili. Tunauliza kuhusu damu nyingi wakati wa kujifungua, mabaki ya kondo la nyuma, upasuaji wa matiti, ugonjwa wa tezi ya shingo, matiti ambayo hayakukua kabisa wakati wa mimba, na dawa: zile za mafua zenye pseudoefedrini hupunguza maziwa, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni pia. Hakuwa na hata kimoja. Matiti yake yalikua vizuri mimba ilipokuwa changa. Na siku hiyo ya tano, nilipomwomba ruhusa ya kuyaangalia, yalikuwa magumu, ya moto, ngozi inang'aa, chuchu zimechanika zote mbili.

Mwanamke anayesema hana maziwa alikuwa ameketi mbele yangu na matiti yaliyojaa hadi yanauma.

Mlo mmoja ukitazamwa

Hakuna kipimo cha maabara kinachozidi kukaa na kumtazama mama akinyonyesha mlo mmoja mzima. Tulimpima mtoto na nguo zake, akanyonya, tukampima tena na nguo zilezile. Alikuwa ameingiza gramu 12. Kwa umri na uzito ule angehitaji kama gramu 50 hadi 60 kwa mlo, akila mara nane kwa siku.

Mama aliinama mbele, kwa kuukinga mshono wake, akaleta titi kwa mtoto badala ya kumleta mtoto kwenye titi. Mwili wa mtoto ulitazama juu na shingo ikageuzwa upande. Chuchu iliingizwa mdomoni kama chupa inavyoingizwa. Mdomo haukupanuka, midomo ilikunjwa ndani, mashavu yakabonyea, zikasikika sauti za kubofyabofya. Sauti ya kumeza sikuisikia. Baada ya dakika tano mtoto akasinzia, na chuchu ilipotoka ilikuwa imebanwa bapa, na mstari mweupe katikati.

Maziwa hayakai kwenye chuchu. Yanakaa ndani zaidi, na mtoto huyapata kwa kukamata sehemu kubwa ya ile duara jeusi pamoja na titi lenyewe, ulimi ukitangulia chini. Akishika chuchu tupu anaumiza na hapati kitu. Na titi likishajaa kupita kiasi, duara linakazika. Kulikamata ni kama kung'ata mpira uliojazwa upepo. Kwa hiyo mwanzo wa tatizo ulikuwa namna ya kumpakata, kisha kujaa kwenyewe kukaongeza tatizo la pili.

Hapa ndipo kisa kinapogeukia, na ndipo ningependa kila anayemshauri mama mzazi aelewe. Prolaktini hutengeneza maziwa, oksitosini huyasukuma yatoke, na zote huitikia kunyonya. Maumivu na hofu huchelewesha oksitosini. Titi linaloachwa limejaa hujizuia lenyewe: ndani ya maziwa yaliyokaa zimo ishara zinazoziambia seli zipunguze kazi, na mgandamizo unaongezea. Laiti tungemjibu kama alivyouliza, kwamba haya, hamia kwenye kopo, siku chache tu zingetosha matiti kulegea, na wote tungeona kwa macho yetu kwamba kweli hana maziwa. Ushauri ungezaa ugonjwa uliodaiwa kuutibu. Naamini wanawake wengi walioambiwa kwamba hawana maziwa walipitia njia hii hasa, na wamebeba lawama isiyo yao.

Tulianza na kulainisha. Kwa ncha za vidole kuzunguka chuchu alibonyeza taratibu kuelekea kifuani kwa dakika moja hivi, hadi ule ukaza ukasogea nyuma, kisha akakamua kidogo kwa mkono. Tukabadilisha mkao: mtoto chini ya kwapa, miguu ikielekea mgongoni kwa mama, mshono ukawa huru. Tumbo la mtoto likaelekea mbavu za mama, sikio, bega na nyonga vikawa mstari mmoja. Chuchu ikagusa mdomo wa juu, tukangoja. Kungoja huku ndiko kugumu kwa mama mwenye wasiwasi. Mdomo ulipopanuka kama wa kupiga mwayo, mtoto akavutwa haraka kwenye titi, kidevu kikitangulia.

Mama aliguna kwa sekunde chache, kisha akanitazama. "Hainichomi."

Baada ya muda mfupi mtindo ukabadilika: kuvuta, kuvuta, kumeza, kupumzika. Mizani ikasema gramu 34, na bado titi la pili.

Mpango, na mahali nilipotofautiana na wenzangu

Sheria ya kwanza ni mtoto ale. Ikiwa kunyonya hakujatosha, kinachofuata ni maziwa ya mama mwenyewe aliyokamua. Kisha maziwa ya mama wengine yaliyopimwa na kupashwa moto kitaalamu, panapokuwa na benki ya maziwa. Kisha ya kopo. Hapakuwa na benki. Nikaacha maziwa ya kopo yaendelee kwa kiasi kidogo, mililita 20 hadi 30 baada ya kunyonya, pale tu aliyokamua yasipofika kiasi hicho. Kuna wenzangu wanaoona hiyo ni kushindwa. Sikubaliani nao. Mtoto dhaifu hanyonyi kwa nguvu, na titi lisilonyonywa kwa nguvu halitengenezi. Kiasi kidogo kinachotolewa kwa hesabu, na kwa tarehe ya kuondolewa, hulinda kunyonyesha. Kinachoharibu kunyonyesha ni kopo lisilo na mpango.

Vyote vilitolewa kwa kikombe kidogo, mtoto akiwa ameketishwa, akilamba kwa mwendo wake. Kunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa saa 24. Akipitisha saa tatu usingizini, anaamshwa. Kukamua baada ya milo mingi ya mchana na angalau mara moja usiku, kwa kuwa prolaktini hupanda zaidi usiku. Mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa muda mrefu iwezekanavyo. Kitambaa cha baridi kwenye matiti baada ya kunyonyesha, na ibuprofeni au parasetamoli kwa maumivu. Zote mbili zinaruhusiwa kwa anayenyonyesha, na mama mwenye mshono wa siku tano hapaswi kuvumilia bure.

Mpango wa namna hii humvunja mtu akiwa peke yake. Baba alichukua daftari la nepi, kuosha vikombe, na kumlisha mtoto kwa kikombe wakati mama akikamua. Na bibi? Nimeona wataalamu wakimsukuma bibi pembeni kana kwamba ndiye adui. Nilimwambia, "Mama, wewe ndiwe utakayekuwa naye saa tisa za usiku, mimi sitakuwepo. Nahitaji uone nilichokiona." Nikamwonyesha mdomo uliopanuka na sauti ya kumeza. Alisikiliza sana, kisha akasema, "Nilimwona mwanangu anateseka, nilitaka alale tu." Hakuna cha kumlaumu hapo. Maji yalikoma siku hiyo, na yeye ndiye aliyekuwa akimwamsha mama usiku na kumwekea mto.

"Haya mateso yana thamani kweli?"

Siku ya saba mtoto alikuwa gramu 3,130, nepi sita, kinyesi cha njano. Mama alikuwa amechoka hadi sauti imebadilika. Akauliza hivyo, na swali hilo linastahili jibu la kweli, maana akiongopewa leo hataamini kesho.

Kwa mtoto, jambo lililothibitika kwa uimara zaidi ni kinga dhidi ya maambukizi. Mama akikutana na kijidudu, mwili wake hutengeneza kingamwili dhidi ya kijidudu hichohicho na kuzipitisha kwenye maziwa. Mtoto hupata ulinzi wa nyumba anamoishi. Humo pia mna laktoferini inayowanyima bakteria madini ya chuma, na aina kama 200 za sukari ambazo mtoto mwenyewe hazimeng'enyi: ni chakula cha bakteria wema wa utumbo wake. Katika Belarusi, kati ya mwaka 1996 na 1997, hospitali 31 ziligawanywa kwa kura, baadhi zikaweka mpango wa kuwasaidia kina mama kunyonyesha na nyingine zikaendelea na kawaida yake. Zaidi ya watoto 17,000 walifuatiliwa. Waliozaliwa penye msaada, ni 9.1% waliougua maambukizi ya tumbo katika mwaka wa kwanza, dhidi ya 13.2% kwingineko. Kumbuka kilichogawanywa kwa kura: ni msaada. Mama za pande zote mbili walianza kwa kunyonyesha. Kunyonya pia huambatana na maambukizi machache ya masikio na ya kifua, na watoto walionyonya walau miezi miwili wana karibu nusu tu ya hatari ya vifo vya ghafla vya usingizini. Mwaka 2016, mfululizo wa makala katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba kunyonyesha kukienea karibu kila mahali kungezuia vifo 823,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano kila mwaka.

Nilimwambia na yale yasiyothibitika. Utafiti uleule wa Belarusi ulipowapima watoto tena karibu na miaka 12, haukukuta kwamba msaada ule ulipunguza unene wa kupindukia. Na mtoto wa maziwa ya kopo yaliyoandaliwa kwa maji safi na kipimo sahihi hukua na kupendwa kama mwingine.

Kisha nikamzungumzia yeye mwenyewe, sehemu ambayo husahaulika. Ile oksitosini inayosukuma maziwa ndiyo inayobana mji wa mimba. Yale maumivu ya tumbo anayosikia akinyonyesha ni mwili unaopunguza damu kupotea. Kuhusu saratani ya titi, uchambuzi uliounganisha tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta hatari inapungua kwa 4.3% kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha, ukijumlisha watoto wote. Saratani ya ovari nayo huonekana kidogo zaidi kwa walionyonyesha.

Lakini kwa mwanamke huyu lipo la karibu kuliko saratani. Aliyepata kisukari cha ujauzito ana hatari kubwa ya kupata kisukari cha aina ya pili miaka inayofuata. Kutengeneza maziwa hutumia sukari na mafuta mengi, kiasi cha kalori 500 kwa siku, na huufanya mwili uitikie insulini vizuri zaidi. Utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka 30, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta walionyonyesha kwa jumla ya miezi 6 au zaidi wana hatari ya kisukari cha aina ya pili iliyo chini kwa 47% kuliko wasionyonyesha kabisa. Huo ni ufuatiliaji, hakuna kura iliyopigwa, na wanaoweza kunyonyesha muda mrefu huenda wanatofautiana na wengine kwa mambo mengi. Hata hivyo matokeo ya aina hiyo yamejirudia kwa wanawake waliopata kisukari cha ujauzito. Kisukari kilichomcheleweshea maziwa ndicho ambacho maziwa yanaweza kumkinga nacho. Aliponyamaza kwa muda, akasema, "Hilo hakuna aliyeniambia. Kila mtu ananiambia mtoto, mtoto."

Nikamwongezea kwamba faida hizi huongezeka kwa kiasi. Kila wiki inahesabiwa, na kunyonyesha nusu kuna maana kuliko kuacha. Nilimuuliza pia kuhusu hali ya moyo wake, usingizi na fikra za kujidhuru. Maumivu ya kunyonyesha ya siku za mwanzo huambatana na sonona baada ya kujifungua, na mama akizama huko, afya yake inatangulia lengo lolote la maziwa.

Baada ya hapo

Maziwa ya kopo yalikoma siku ya tisa. Siku ya kumi gramu 3,240, siku ya 15 gramu 3,420: uzito wa kuzaliwa umepitwa, siku moja nyuma ya wiki mbili zinazotajwa kwa kawaida, bila wasiwasi wowote. Siku ya 12 palitokea eneo jekundu upande wa nje wa titi la kushoto, na homa ya 38.4. Jamaa akamshauri aache kunyonyesha upande huo. Ushauri huo ni hatari, kwa sababu titi linaloacha kutolewa maziwa ghafla ndilo linaloelekea kwenye jipu. Aliendelea kunyonyesha kama kawaida, bila kukanda kwa nguvu, akatumia baridi na ibuprofeni, na homa ikashuka kabla ya saa 24 kwisha. Ingeendelea, tungeanza antibiotiki zinazofaa kwa anayenyonyesha.

Nikikirudia kisa hiki, ningebadilisha tarehe. Siku ya tano ilikuwa imechelewa; mama mwenye vikwazo vinne vya kuchelewa maziwa alipaswa kuonwa siku ya tatu, kabla ya ule usiku. Hatua Kumi za kufanikisha unyonyeshaji, zilizotangazwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 1989 na kuhuishwa mwaka 2018, zinamalizia na hilo: mzazi asitoke hospitalini bila kupangiwa msaada anaoweza kuupata kwa wakati. Kati ya zote kumi, naona hiyo ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa kuwa mama akishavuka lango hahesabiwi tena na wodi yoyote.

Wiki ya sita mtoto alikuwa gramu 4,300, ananyonya tu, pamoja na matone ya vitamini D, uniti 400 kwa siku, kwa sababu maziwa ya mama yana kiasi kidogo cha vitamini hiyo. Mama aliulizia uzazi wa mpango. Kunyonyesha pekee kunaweza kukinga mimba kwa zaidi ya 98%, iwapo masharti matatu yanatimia kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya tu mchana na usiku, na hajafikisha miezi 6. Kwa kuwa alipanga kurudi kazini wiki ya 14 na milo ingeanza kuachana, akachagua kuongeza njia isiyo na estrojeni. Kwa kazini tulikubaliana akamue kila baada ya saa tatu hivi. Maziwa yanakaa saa nne kwenye joto la kawaida la chumba na siku nne kwenye jokofu.

Kipimo cha sukari kwa kunywa gramu 75 za glukosi, kinachotakiwa kati ya wiki ya 4 na ya 12, alikifanya wiki ya nane. Majibu yalikuwa ya kawaida. Ameandikiwa kukirudia kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yake yote, na tarehe ya kipimo kijacho imeandikwa kwenye kadi ya mtoto, kwa sababu kadi hiyo ndiyo asiyoisahau.